Mwaka Niliotia Sahihi Bila Kusoma

Mzee Awadh alifariki Jumanne asubuhi, wakamzika siku hiyohiyo, na Ijumaa baada ya sala ya alasiri tukakutana kumsomea hitima palepale Mchafukoge, kwenye jengo la ghorofa nne ambalo ngazi zake zilianza kunila magoti nikiwa na miaka ishirini na sita na sasa zimekuja kumalizia kazi. Nilipanda nikipumzika kila ghorofa, mkono ukutani, vijana wakinipita na masinia ya pilau na kuniambia "Shikamoo mama," nami nikiitikia marahaba bila pumzi. Nimechoka siku hizi, sioni sababu ya kuficha. Nimechoka na kazi, nimechoka na kuitwa mkuu, na kuna jambo moja nimelibeba muda mrefu hadi nikadhani ndivyo mwili wangu ulivyoumbwa. Lilitokea ghorofa ya tatu ya jengo lile, katika mwaka mmoja tu. Nilipofika mlango wa ghorofa hiyo nilisimama zaidi ya pumzi zangu zilivyohitaji.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba vitatu. Cha kwanza ndicho pekee kilichokuwa na kiyoyozi, na hakikuwa cha watu. Humo zilikaa seva mbili kubwa zikinguruma mchana kutwa, na sisi tulikuwa tukiingia kwa visingizio, eti kukagua nyaya, kumbe tunakausha jasho. Cha pili tulikaa mimi na mwenzangu Idrisa, meza moja, dirisha moja, na feni ya darini iliyozunguka ikijisikia. Cha tatu alikaa Mzee Awadh mwenyewe, mwenye ofisi na mwenye jengo, nyuma ya ukuta wa plaiwudi usiofika juu. Huo ukuta uukumbuke, msomaji. Tulimsikia akikohoa, akihesabu tasbihi, akinong'onezana kwa simu na mkewe aliyekuwa ghorofa ya nne juu yetu kuhusu samaki wa mchana. Tukajiona wajanja, tunajua mambo yake yote. Haikutujia hata siku moja kwamba ukuta unaopitisha sauti kuja huku unapitisha na kwenda kule.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza kuliko kuifanya. Mwenye duka la dawa au studio ya picha pale Kariakoo hakuwa na nafasi ya kununua kompyuta kubwa na kuitunza, kwa hiyo tulimpangishia kipande cha yetu. Ndani ya seva moja programu yetu ilitengeneza kompyuta nyingi za kufikirika, tulizoziita mashine pepe. Kila mteja aliiona ya kwake kama kompyuta kamili, kumbe ni chumba ndani ya nyumba ya kupanga. Kila mmoja tulimwekea diski mbili pacha, kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile, ili moja ikifa tuwahi kuibadilisha kabla ya mwenzake. Na tulijuaje kwamba imekufa? Programu ilikuwa inaziuliza hali. Kila baada ya dakika chache inapita, diski ya kwanza hali yako, diski ya pili hali yako, na majibu yanatokea kwenye kioo kilichokuwa juu ya meza yetu, kijani kwa nzima, nyekundu kwa mbovu. Kioo kikiwa kijani tulikunywa chai.

Mzee Awadh hakusoma kompyuta popote. Ujana wake alikuwa fundi wa redio, na kabla ya hapo mwanafunzi wa madrasa aliyechapwa sana, na kutoka huko ndiko alikoleta utaratibu ambao sijauona ofisi nyingine yoyote hapa Bongo. Hakuna mabadiliko yaliyoingia kwenye programu bila kusomwa kwa sauti. Mwandishi anachapa mistari yake kwenye karatasi, anaibandika kwa gundi kwenye daftari kubwa la jalada jeusi, halafu mwenzake, si yeye, anaisoma mstari kwa mstari, akiigeuza papo hapo kuwa Kiswahili, kidole kikifuata. Mwandishi anakaa kimya mikono mezani. Haruhusiwi kufafanua. Msomaji akimaliza na kuridhika anatia sahihi chini ya ukurasa. Wengine walitucheka, wakatuita chuo cha Kurani cha kompyuta. Nilipolalamika mwezi wa kwanza, Mzee aliniambia, "Binti, macho yako yanaweza kuruka mstari na usiwe na habari. Ukiruka kwa mdomo, mimi hapa nasikia." Na kweli, ukimung'unya maneno, sauti inatoka nyuma ya plaiwudi: "Anza juu!" Unarudi mstari wa kwanza, hata kama ulikuwa umebakiza miwili.

Idrisa alinizidi miaka mitatu na alinizidi akili, na nasema hivyo bila kinyongo. Mtoto wa Kariakoo, mwembamba, akicheka mabega ndiyo yanayocheka. Ndiye mtu wa kwanza duniani kuniita fundi. Nilikotoka nilikuwa binti, mara nyingine "yule dada wa kompyuta", lakini Idrisa asubuhi anaweka kikombe changu mezani, anasema, "Fundi Tatu, mambo?" nami nasema poa, na siku inaanza. Tulikula pamoja kila mchana, wali na maharage kwa mama mmoja wa chini ya jengo aliyekuwa akitusema hadharani kama watoto wake. "Nyie wawili," aliwahi kusema akitupakulia, "mngekuwa na akili mngeoana, lakini mtaoana vipi na mdomo wenu wa kubishana namba?" Tulikuwa tunabishana, ndiyo. Sijawahi tena kubishana na mtu kwa raha kama ile. Nilimpenda? Nilikuwa napenda kuwa fundi, na aliyenifanya fundi alikuwa yeye, hayo mengine sikuwahi kuyatenganisha.

Mwaka ule shida yetu ilikuwa kuganda. Programu ikiiuliza diski hali, na diski ikachelewa kujibu, mashine nzima ya mteja inasimama kusubiri jibu. Mwenye duka la dawa ana foleni hadi barabarani, kioo kimeganda, wagonjwa wanamtukana, naye anapiga simu kututukana sisi. Idrisa akakaa wiki mbili akatafuta dawa. Wazo lake lilikuwa zuri, hadi leo nasema lilikuwa zuri: tusisubiri milele. Tuiulize diski, tuipe sekunde mbili, isipojibu tuendelee na kazi huku tukiandika pembeni kwamba haijajibu, ili kioo kiwake njano nasi twende kuitazama. Mistari arobaini na kitu. Akaichapa, akaibandika.

Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho, saa tisa alasiri. Anayefunga Dar es Salaam anaijua saa tisa ile. Jua linapiga bati za jirani na kurudi usoni mwako, chini wauza nguo wanapigia kelele bidhaa zao kwa vipaza sauti, mate yamekuwa gundi, na kutoka ghorofa ya nne harufu ya tui la mihogo ya futari imeshaanza kushuka ngazi. Mke wa Mzee alitupikia futari mwezi mzima, uji wa pilipili manga, tambi, kaimati zinazotoka jikoni zikivuja shira. Mimi nilikuwa nawaza kaimati. Idrisa akalisogeza daftari mbele yangu, akaweka mikono mezani kama ada. Nikafungua mdomo, koo likakwaruza. Nikamwambia, "Idrisa, leo koo halina kitu. Nasoma kimoyomoyo."

Akanitazama. Akafungua mdomo kama mtu mwenye neno, halafu akakumbuka kwamba mwandishi hafafanui, akaufunga. Nikasoma mistari ya mwanzo kwa macho. Iliyofuata sikuisoma, na hapa ndipo pananitia aibu zaidi, maana hata hayo macho niliyomwambia sikuyatumia. Nilipitisha kidole tu kwenye karatasi hadi chini, nikawaza, huyu ni Idrisa, Idrisa hakosei, nikatia sahihi. Akaniuliza, "Umeshamaliza?" Nikasema nimemaliza. "Yote?" Nikasema, "Ala! Njaa inakuuma wewe au mimi?" Akacheka kwa mabega, akalichukua daftari akalipeleka kwa Mzee. Upande wa pili wa plaiwudi kulikuwa kimya, hata tasbihi haikusikika.

Kuganda kuliisha. Wateja wakapiga simu kushukuru, jambo ambalo halijatokea tena katika maisha yangu ya kazi. Kioo kikawa kijani siku zote. Tukala Idd kwa raha. Siku ya sita baada ya Idd, umeme ukakatika na kurudi mara tatu ndani ya saa moja, na mashine pepe ya studio moja ya picha haikuwaka. Tukafungua seva. Diski yake ya kwanza ilikuwa imekufa zamani, wiki na zaidi, baridi kabisa. Pacha wake ndiye aliyekuwa akifanya kazi peke yake, na umeme ule ukammaliza. Na kwenye kioo, nilikiona kwa macho yangu mawili, diski zote mbili zilikuwa kijani.

Mwenye studio alikuwa Mzee Kitwana. Alipiga picha za watu wa Kariakoo miaka thelathini: arusi, vipaimara, watoto waliotolewa arobaini, wanandoa wenye hofu mbele ya pazia la bluu. Alikuwa akiishi Jangwani, na mafuriko yalipoingia nyumbani kwake negativu zake zote zililoa na kugandana. Aliokoa alichoweza kwa kukiingiza kwenye kompyuta, moja moja, kazi ya mwaka mzima, akaziweka kwetu kwa sababu tuko ghorofa ya tatu na maji hayapandi ngazi. Hilo alilisema mwenyewe siku aliyotia saini mkataba, tukacheka wote. Sasa alikaa kwenye kiti changu, kofia magotini, akamsikiliza Mzee Awadh akieleza. Hakupaza sauti, na laiti angepaza. "Wanangu," alisema akitutazama mimi na Idrisa, "kila Jumatatu nilikuwa nawapigia nawauliza, picha zangu ziko salama? Mkaniambia mzee usiwe na shaka, zote kijani." Akaigeuza kofia magotini. "Kumbe mlikuwa mnamuuliza maiti hali, anawajibu njema." Kisha akatuambia kuna mama mmoja anakuja Alhamisi kuchukua picha ya mwanawe aliyefariki, ndiyo pekee iliyopo. Akauliza amwambie nini.

Alipoondoka, Mzee Awadh alituita nyuma ya plaiwudi. Daftari lilikuwa wazi mbele yake. Aliweka kidole kwenye mstari mmoja katikati ya ukurasa na akausoma polepole, kwa Kiswahili, kama tulivyopaswa kuusoma sisi: kama diski haijajibu, sema ni nzima. Basi, ndivyo ulivyokuwa. Mahali pa kuandika "haijajibu", palirudishwa jibu la "nzima". Mtoto wa darasa la pili angeusikia angecheka. "Tatu," alisema Mzee, "mlisoma kwa sauti?"

Nimejiuliza swali hilo mwenyewe mara nyingi kuliko alivyoniuliza yeye. Ningeweza kusema hapana. Neno moja lile. Lakini niliona ngazi, nikajiona nikizishuka, nikajiona nimerudi kuwa binti, nikaogopa. Nikasema, "Tulisoma, Mzee."

"Kama mlisoma, mstari huu ulipitaje?"

Nikatazama sakafu. Ilikuwa saruji nyekundu iliyopasuka pembeni, naikumbuka ufa kwa ufa. Pumzi za Idrisa nilizisikia. Nilijua, wakati ule ule, nilichokuwa nimemfanyia: nilikuwa nimemwachia mambo mawili tu, aniite mwongo mbele ya Mzee, au atafute uongo wa kuufunika wangu. Akasema, "Niliuongeza baadaye, Mzee. Nilibandua karatasi nikabandika nyingine baada ya Tatu kutia sahihi. Yeye hakuuona."

Katika ofisi ile hakukuwa na kosa kubwa kuliko hilo. Kukosea kila mtu anakosea, lakini kuchomeka mstari chini ya sahihi ya mwenzako ni kumwibia jina lake. Mzee alimtazama sana. Halafu akanitazama mimi, na mimi, nikisaidiwa na shetani, nikatazama tena sakafu. Idrisa aliondoka siku ileile. Nilimkimbilia kwenye ngazi, nikamshika mkono wa shati, nikamwambia, "Kwa nini umesema vile?" Akasema, "Sasa tufe wote, Tatu? Mstari si wangu kweli?" Akautoa mkono wangu taratibu. "Wewe baki. Ila siku moja uje useme." Nikamwambia nitasema. Nilikuwa na nia kabisa. Nikapanga kesho, kesho ikawa Jumatatu, Jumatatu ikawa baada ya hesabu za mwisho wa mwezi, na wewe msomaji umeshajua ahadi ile iliishia wapi.

Nilikaa pale. Nikawa mkubwa wa mafundi, tukahamia jengo lenye lifti, tukaajiri watoto wenye vyeti. Idrisa nilisikia anatengeneza simu kwenye mtaa mmoja karibu na soko, na kwa sababu hiyo kwa miaka yote sikupita mtaa ule. Nikitoka mjini nilizunguka na Mnazi Mmoja, jua kali, vumbi, na waliokuwa nami wakidhani napenda kutembea. Lakini baya zaidi lilikuwa neno. Sijui nani alilianza. Mwanzoni lilikuwa onyo, usije ukafanya kama Idrisa. Likafupika. Wakaanza kusema, "Umeidrisa?" "Nani ameidrisa hapa?" Mtu akichomeka mstari baada ya kupitiwa, ameidrisa. Watoto waliozaliwa wakati sisi tunabandika karatasi kwa gundi wanalisema bila kujua lilikuwa jina la mtu, mwenye mama aliyemchagulia. Nami nakaa kichwani pa meza, nalisikia, nanywa maji.

Siku ya hitima, baada ya dua na pilau, Nasra, bintiye Mzee, alituita watu wa ofisi tushuke ghorofa ya tatu tunywe kahawa. Siku hizi pale ni stoo ya vitenge. Plaiwudi imeng'olewa, tukakaa juu ya marobota, watu saba wanane, mafundi wangu vijana wengi wao. Nasra akanipa daftari jeusi. "Baba alisema hili ni lako," aliniambia. "Mengine tuyachome, hili lisichomwe." Ndani palikuwa na kipande cha kitambaa kati ya kurasa. Nilijua kabla sijafungua. Karatasi ya Idrisa imekuwa rangi ya chai, sahihi yangu chini yake, na pembeni, kwa penseli, mwandiko wa Mzee: *Leo sikusikia sauti. Namngoja Tatu aje aseme mwenyewe.* Tarehe iliyoandikwa haikuwa ya diski kufa. Ilikuwa ya alasiri ile ya Ramadhani.

Kwa hiyo alijua tangu mwanzo, na akaacha mistari ile iingie. Aliniuliza swali ambalo jibu lake alikuwa nalo mezani, akamwachia Idrisa ashuke ngazi, akakaa kuningoja. Nilikuwa nimetoka kumwombea rehema kule juu, na sasa nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Alihitaji mtu wa kumtwisha lawama mbele ya Mzee Kitwana, nadhani, na mmoja alikuwa amejitolea. Nilikuwa bado nimeshika ukurasa ule mlango ukafunguliwa, akaingia mtu mwembamba mwenye nywele nyeupe, vidole vimeungua ungua kwa risasi ya kuchomelea. Akasalimia wote. Kwangu akasimama.

"Habari za siku nyingi, Tatu?"

"Nzuri. Za kwako?"

"Nzuri tu."

Kila mtu na nzuri yake. Akakaa kwenye robota lililonikabili. Neema, fundi wangu mzuri kuliko wote, mdomo haufungi, alikuwa akigawa kahawa na kashata. Akamtishia mwenzake kidole: "Wewe nimekupa mbili. Usije ukaidrisa ya tatu nikigeuka!" Vijana wakacheka.

Mgeni akainua kichwa. "Umesemaje, binti?"

"Aa, samahani mzee, ni lugha yetu ya ofisini," alisema Neema, akimmiminia. "Kuidrisa ni kuchomeka kitu kinyemela mwenzio akishatia sahihi. Eti zamani kulikuwa na jamaa mmoja hapa, mjanja mjanja, akawaponza wenzake akafukuzwa."

"Aliitwaje?"

"Si ndiyo huyo Idrisa."

"Aha," alisema. Akapuliza kahawa yake, akanywa funda moja. "Mimi ndiye Idrisa."

Neema alibaki na birika mkononi. Idrisa hakunitazama. Angeweza kunitazama tu, wote wangefuata macho yake wakajua. Alitazama kikombe. Alikuwa ananifunika tena, mara ya pili, na nywele zake zimekuwa nyeupe. Nilikuwa nimekaa palepale, futi chache kutoka kwenye ufa ule wa saruji.

Nikavaa miwani. "Neema, kaa chini," nikasema. "Kaeni wote. Kuna mabadiliko nataka kuyapitia." Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza na nikaanza kusoma kwa sauti, kwa Kiswahili, kama tulivyofundishwa. Iulize diski hali yake. Subiri sekunde mbili. Kama diski imejibu, andika jibu lake. Koo lilikuwa kavu na sikuwa nimefunga. Kama diski haijajibu, sema ni nzima.

Neema akacheka, akaziba mdomo. "Haijajibu halafu nzima? Si imeshakufa hiyo! Sasa huo mstari ulipitaje, mkuu?"

"Haukupita kwa mtu," nilisema. "Hakuna aliyeusoma." Nikawaonyesha sahihi. Nikasoma maneno ya penseli. Idrisa akaweka kikombe chini.

"Alijua?" aliniuliza.

"Alijua."

"Na akaniacha niende."

"Ndiyo."

Akafuta uso kwa kiganja. "Ule mstari niliuweka wa muda," alisema polepole, akiwaambia vijana, au akiiambia sakafu. "Nilikuwa nauonea shaka. Nikasema Tatu atakapoufikia ataupigia kelele, nitaurekebisha. Nilikaa mikono mezani nikimngoja aufikie."

Nikajaribu kusema iliyobaki. Nikasema sikusoma, nikasema niliulizwa nikadanganya, nikasema Idrisa hakuchomeka kitu chochote, siku ile wala siku nyingine, lakini machozi yalikuwa yameshanishika na maneno ya mwisho yalitoka yamepondeka, sidhani kama yalifika hata robota la pili. Nikafunika daftari. Vijana walikuwa wameinama. Nikadhani imekwisha.

"Unamung'unya," alisema Idrisa. Sauti yake haikuwa na hasira wala huruma, ilikuwa ya mtu aliyeweka mikono mezani. "Hawa watoto hawajasikia. Anza juu, Tatu."

Nikafungua daftari tena, nikarudisha kidole kwenye mstari wa kwanza.